Kilima Kisichopandwa na Wachumba

Mlango ukafungwa, na Mireya yumo ndani.

Wewe uliyewaambia wenzako wiki nzima kwamba atachomoka dakika ya mwisho, pole. Hakuchomoka. Shangazi Ofelia alimng'ang'ania mkono kama mtu aliyekamata kuku wa sikukuu, gari la kamba likayumba kidogo, likaacha jukwaa, na mapaa ya Bogota yakaanza kuteremka chini ya miguu yao.

"Nishusheni!" Mireya alipiga kelele. "Mimi sipandi! Nilikuja kuwasindikiza tu!"

"Dada, tumeshaning'inia," mwendeshaji alimjibu bila kugeuka. "Ukitaka kushuka, huko chini ni miti."

Watu wakacheka. Mireya hakucheka, na wewe ungekuwa yeye usingecheka.

Maana Jumamosi hii Mireya, mshona viatu wa mtaa wa Restrepo, anaolewa na Leonel. Na hakuna mtu aliyezaliwa Bogota asiyejua kwamba wachumba wakipanda pamoja kilima cha Monserrate, ndoa hakuna. Waende kwa gari la kamba, waende kwa treni, wapande ngazi kwa miguu, hawaoani. Mama zetu walituambia, na wao waliambiwa na mama zao.

Sasa tazama maisha yalivyo na kejeli. Leonel ni mtembeza wageni. Kila wiki yuko juu ya Monserrate na Wajerumani, na Wajapani, na yeyote mwenye kofia na kamera. Mireya amezaliwa chini ya kilima hicho hicho, hukiona kila akianika nguo, na hajawahi kukikanyaga. Miaka minne ya uchumba amekipa mgongo, kwa ajili ya Leonel.

Ndipo akaja Shangazi Ofelia, dada wa marehemu baba yake Leonel, kutoka Barranquilla kwenye joto. Amekuja arusini, lakini akasema hali wali wa arusi kabla hajaona mji. Wakamtembeza. Mji huu una mambo ambayo mgeni haachwi aondoke bila kuyafanya, na mwenyeji hufa bila kuyafanya. Alicheza mchezo wetu wa kurusha chuma kwenye vifuko vya baruti mpaka akaunguza mtandio. Alitazama dhahabu za kale, akasema hereni zake ni nzuri zaidi. Alikula supu yetu ya kuku na viazi, akauliza nazi iko wapi. Jumapili, barabara zilipofungwa magari yasipite, aligongwa na baiskeli, akamfukuza mwenye baiskeli mpaka akamfikia.

Likabaki moja, kilima.

"Kwani huyu binti analia nini?" aliuliza mama mmoja aliyebeba mshumaa mrefu wa nadhiri.

"Ni wachumba," Shangazi Ofelia akajibu kwa sauti ya watu wa pwani, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Yeye na huyu kijana. Wanaoana Jumamosi!"

Mama wa mshumaa akajivuta nyuma kama vile ameambiwa wana upele.

"Wachumba? Humu ndani?"

"Mimi nilipanda na wangu," akasema mzee mmoja mwenye kofia, kwa huzuni ya mtu aliyezoea kusimulia. "Sasa hivi ana watoto watatu. Na fundi bomba."

"Geuzianeni migongo," mwingine akashauri.

"Asikuguse tu, dada. Kilima kinahesabu kugusana."

"Uongo! Kilima kinahesabu tiketi. Nani kakata tiketi?"

"Mimi," alisema Leonel.

"Zote pamoja?"

"Zote nne pamoja."

"Basi kwisha," mzee wa kofia akasema, akavua kofia kama mtu aliye msibani.

Watu waliendelea kubishana, lakini Mireya alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anahesabu. Leonel, mama yake Bi Hercilia, Shangazi Ofelia. Hao ni watatu.

Yeye alikuja kusindikiza mpaka mlangoni. Tiketi yake ilikatwa lini, na ilikatwa kwa nini?

Mireya si mtu wa kelele. Miaka yake yote amekaa kwenye kiti cha kushonea, na mshonaji hujifunza kutazama. Akamtazama Bi Hercilia, mama mkwe wake mtarajiwa, ambaye hajawahi kumsifia hata siku moja. *Huyu ndiye,* akajiambia. *Ameona kunikataa kwa mdomo ni aibu, akaniletea kilima.*

Gari likafika juu. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, kengele za kanisa zikasikika. Mireya aliweka mguu wake wa kwanza kwenye kilima alichokikimbia miaka minne, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumshika mama mkwe kiwiko.

"Mama, naomba tuzungumze."

Walikwenda nyuma ya kanisa, kwenye vibanda vya chakula. Bi Hercilia aliagiza chokoleti ya moto, akatumbukiza kipande cha jibini ndani ya kikombe, kama tunavyokunywa huku, akakizamisha kwa kijiko kana kwamba ana ugomvi nacho.

"Mama, tiketi yangu ilikatwa mapema. Ni wewe uliyetaka nipande?"

"Mimi?"

"Kama hunitaki, uniambie tu."

Bi Hercilia akaweka kijiko chini. "Mireya, tusidanganyane. Mimi sikupendi."

"Najua, mama."

"Unavaa viatu vyekundu kanisani. Viazi unavikata vinene. Na ukicheka unaonyesha mpaka magego."

"Ndiyo, mama."

"Lakini viti nimeshaviazima mtaa mzima! Nguruwe wa kujaza wali yuko kwa mchinjaji! Jirani yangu Bi Purificación nimemwambia mara tatu kwamba mwanangu anaoa na wake bado yupo yupo tu. Leo nikamwambie arusi hakuna? Afadhali mnizike huku huku juu, mnipunguzie nauli." Akajifuta macho. "Mle ndani nilisali rozari nzima. Kuku wangu mwenyewe nisingempakia gari lile na mchumba wake."

Mireya akamwamini. Mtu anayekuchukia waziwazi namna ile hana haja ya kukuzunguka.

"Basi nani, mama?"

Wanawake wawili wakageuza shingo kwa pamoja.

Leonel alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kutazamia mji, anamwonyesha Shangazi Ofelia majengo. Alikuwa anapiga mluzi.

Mireya anaujua mluzi ule. Leonel huupiga basi la wageni likishaondoka, ameshapunga mkono, na hakuna tena mtu wa kumuuliza choo kiko wapi. Ni mluzi wa mtu aliyetua mzigo.

Akaacha chokoleti, akamwendea. Shangazi Ofelia alipomwona anakuja alikohoa, akasema milima ya huku haina hewa, anakwenda kutafuta pa kukaa, akaondoka upesi kuliko mtu asiye na hewa.

"Upande wako wa kulia," Leonel alianza, "unaona uwanja mkuu, na nyuma yake..."

"Leonel, mimi si mgeni."

"Nilitaka tu uone. Hujawahi kuona."

"Tiketi yangu uliikata wewe."

Leonel alitazama mji. Mji mkubwa, wa matofali mekundu, hauishi mpaka macho yanachoka. Haukumsaidia.

"Mireya, hili jambo sasa haliko mikononi mwetu," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini, laini, iliyopigwa pasi. "Tumepanda. Kila mtu anajua maana yake. Si kosa lako, si kosa langu. Mambo ya kilima hayo."

"Yaani hutaki kunioa."

"Sijasema hivyo."

"Sema basi unataka."

Leonel akavuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

"Kwa hiyo ulipanga," Mireya alisema taratibu, kama anayefumua mshono. "Tupande. Tushuke. Halafu kesho uje nyumbani uniambie nini?"

"Ningelia."

"Ungelia?"

"Kidogo. Mbele ya mama pia."

"Na mimi ningekubembeleza?"

"Wewe una moyo mzuri," Leonel alisema, na jamaa huyu alikuwa anamaanisha.

Msomaji, kuna wanawake ambao hapo wangemwagia mtu chokoleti. Mireya alikuwa ameacha kikombe chake kibandani, tumshukuru Mungu au tusimshukuru, shauri yako.

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna. Naogopa tu. Ndoa ni jambo zito."

"Twende ukamwambie mama yako. Pale, kwenye kibanda. Maneno matatu tu: mimi simtaki Mireya."

"Mireya, jamani."

"Husemi?"

"Mama ana moyo dhaifu."

"Mama yako ana moyo kama jiwe la kusagia. Nikueleze kitu, Leonel. Mimi sikiamini hiki kilima." Uongo huo, alikiamini tangu utoto, lakini hasira ilishamfundisha mengine. "Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni pa kanisa, na shela yangu. Usipotaka kuja, usije, lakini uwe ni wewe umekataa. Usinitume nikalaumu mawe."

Rangi ikamtoka Leonel. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Kwa arusi hakuwa amejiandaa hata kidogo.

Kabla hajapata jibu, Shangazi Ofelia akatokea tena mbio, anahema, mkono kifuani.

"Wanangu! Upesi! Misa inaanza. Nimekwenda kwa padri nikampa majina yenu."

"Majina yetu ya nini?" Leonel akauliza.

"Ya kuombewa. Awasomee altareni. Wachumba Leonel na Mireya, wa Jumamosi."

"Shangazi!" Leonel alisema, na mara hii sauti haikuwa ya kazini.

"Nini? Kuna dawa gani nyingine? Kilima kikivunja, mwenye kilima aunganishe." Akawashika wote wawili, mmoja kila mkono, na kama ulidhani mkono ule ulichoka kwenye gari la kamba, hukuujua mkono wa watu wa Barranquilla.

Kanisa lilijaa mahujaji. Wengine walikuwa wamepanda ngazi za mawe kwa magoti, suruali zimetoboka. Juu ya altare ilikuwepo sanamu ya Yesu, Bwana Aliyeanguka, amelala chini ya mateso yake, anawatazama watu kwa jicho moja la huruma. Mama wa mshumaa alikuwa mbele. Mzee wa kofia alikuwa nyuma yake. Bi Hercilia aliingia mwisho, akapiga goti, akabaki hapo hapo chini kama aliyesahau kuinuka.

Padri akavaa miwani. Akawataja wagonjwa. Akamtaja kijana anayetafuta kazi, na mama mmoja wa mtaa wa Egipto ambaye mbwa wake amepotea.

"Na tuwaombee wachumba Leonel na Mireya, ambao Jumamosi watafunga ndoa. Nasikia wako nasi. Wasogee mbele, wasiogope."

Mnong'ono ukapita kanisani kama upepo kwenye mahindi. *Wachumba! Huku juu!* Watu wakasimama juu ya magoti yao ili waone vizuri.

Walisogea. Wangefanyaje? Padri, mtu mchangamfu mwenye mashavu manene, alitabasamu.

"Hii imani ya watu wetu kuhusu kilima," akasema, "mimi huwa naicheka. Leo tutaifuta. Binti, waambie ndugu hawa unaomba nini." Akampa kipaza sauti.

Mireya hajawahi kushika kipaza sauti. Kilikuwa kizito, na baridi. Akawatazama watu. Kisha akamtazama Leonel, na akaona Leonel anamsihi kwa macho, na ombi lenyewe lilikuwa wazi: *Sema ni kilima. Sema umeogopa. Niokoe.*

Angeweza. Ingekuwa rahisi. Angeshuka ameonewa huruma na mji mzima, na kila mwanamke wa Restrepo angemletea mkate.

"Padri, nisamehe," alisema. "Mimi naomba kuachiwa. Mchumba wangu hataki kunioa. Anaogopa kusema, ndiyo maana akanikatia tiketi, ili tuseme ni kilima. Basi nimemsemea mimi. Kilima hakina kosa. Jumamosi hakuna arusi."

Akamrudishia padri kipaza sauti, akashuka zile ngazi za altare, akapita katikati ya watu kichwa juu, viatu vyake vyekundu vinalia ko, ko, ko sakafuni.

"Si niliwaambia!" mama wa mshumaa alipasua sauti. "Wamepanda, wamevunjika! Mmeona kwa macho yenu!"

"Lakini dada kasema kilima hakina..."

"Nyamaza! Mmeona!"

Mahujaji wakajipiga ishara ya msalaba. Kama kuna aliyekuwa na mashaka na kilima asubuhi ile, sasa hakuwa nayo. Padri alifungua mdomo kuwaeleza, akaufunga, akaonekana mtu aliyeshindwa na parokia yake.

Nje, jua lilikuwa kali na upepo wa baridi. Mireya hakwenda kwenye gari la kamba. Alishika njia ya mawe, ile ya miguu, yenye vituo vya Msalaba, maana hakutaka kuning'inia tena na mtu yeyote. Alikuwa ameshuka ngazi chache tu aliposikia sauti juu ya kichwa chake. Kanisa lile lina spika nje, kwa ajili ya watu wasiopata nafasi ndani.

"Mi... Mireya. Mimi... mi..."

Akasimama.

Miaka minne, msomaji. Miaka minne amemsikia Leonel akizungumza na wageni wa kila rangi, na hakuwahi kumsikia akikosa neno. Mtu huyu alikuwa analeta habari asiyoizoea.

"Mireya, usiende. Padri, niache niseme. Siwezi kusema uongo mbele ya Huyu aliyelala hapa." Spika zikakwaruza. "Mimi si mwoga wa ndoa. Nilikudanganya. Na kilima hakivunji uchumba wa mtu, mimi najua, kwa sababu nilishampandisha mwingine hapa kabla sijakujua wewe. Alikuwa mchumba wangu. Tulishikana mikono. Tulikunywa chokoleti. Tukashuka, tukaenda kwao pwani, tukaoana kanisani. Tuligombana tu, nikarudi huku, nikadhani yatapita. Hayakupita. Bado ni mke wangu."

Hata wauza maandazi walisimama na koleo hewani.

Kisha, kupitia spika zile zile, ikasikika sauti ya mama wa mshumaa, yenye uchungu wa mtu aliyeuziwa mali feki: "Kwa hiyo hakifanyi kazi?"

Na ya mzee wa kofia, ndogo, ikitokea mbali: "Sasa wangu aliondoka kwa nini?"

Mireya akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alikuwa anatazama mji chini, na alichokuwa anawaza ni kwamba ni mji mzuri kweli, mzuri kabisa, na amenyimwa kuutazama miaka minne na mtu mwenye pete ya mwingine mfukoni.

Mtu akaja akakaa pembeni yake. Ni Shangazi Ofelia. Na jambo la ajabu, hakuwa anahema tena. Alikuwa anapumua vizuri tu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini ambayo Mireya hakujua kama anayo.

"Shangazi, wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilipopata mwaliko nilidhani jina limekosewa. Nikapanda basi usiku ule ule. Nikambana, nikamwambia, utamwambia binti wa watu au nimwambie mimi? Akalia, akaniomba nimwachie apande nawe kilima, eti kilima kitamaliza kwa amani, na wewe hutaumia. Nikamwachia kilima. Kafika juu, bado hasemi, anakuonyesha majengo. Ndipo nikapeleka majina kwa padri. Leonel nimemjua tangu ananyonya. Anaweza kumdanganya yeyote aliyesimama, lakini yule aliyelala pale hawezi."

"Lakini ungeniambia mwenyewe. Ile siku ya kwanza. Kwa nini mateso yote haya?"

"Kwa sababu ungenisikiliza mimi halafu ungemsikiliza yeye. Na mwenye maneno matamu ni nani kati yetu?"

Ilikuwa kweli, na iliuma.

"Huyo mke," akauliza mwishowe. "Unamfahamu?"

Shangazi Ofelia alivuta mtandio wake ulioungua, akajifunika mabega. Akatazama kule kanisani, akatazama tena chini.

"Yadira. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, ananiita mama. Pete alivishwa sebuleni kwangu." Akamshika Mireya mkono, na mara hii alimshika polepole. "Mimi sikuja kula wali wa arusi, mwanangu. Leonel si mpwa wangu tu. Mimi ni mama mkwe wake."

Kokoto zikalia nyuma yao.

Hawakuwa wamesikia hatua. Bi Hercilia alikuwa amesimama ngazi moja juu yao, viatu mkononi, uso mweupe kama ukuta wa kanisa. Mwanawe alioa, wifi yake akasimamia arusi, na yeye peke yake ndiye hakualikwa.

"Wifi," alisema polepole mno, huku anakunja mkono wa kwanza wa sweta. "Hebu rudia."